Kuchagua Walinzi, Kuwaacha Walinzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa taulo. Ilikuwa Louisville, katika ukumbi wa michezo wa timu moja ya mpira wa Kimarekani, na mimi nilikuwa bado nafunga maboksi ghalani kule South End. Mtu wa kanisani kwetu alikuwa amesikia kwamba timu inatafuta mfuaji wa kufanya kazi mchana. Mkuu wa Vifaa, mzee mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alinionyesha mashine mbili, lundo la taulo lililonifika kifuani, na mlango ambao hakutaka niupite. Akasema nikimaliza niende nyumbani. Nilimaliza mapema, na nikaupita mlango.

Nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo chenye televisheni. Kocha wa Ulinzi alikuwa amekaa peke yake, anarudisha nyuma kipande kilekile cha mchezo, anakipeleka mbele, anakirudisha tena. Hakuuliza mimi ni nani. Aliuliza naona nini. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba namwona mwenye mpira.

“Kila mtu anamwona mwenye mpira,” akasema. “Hata mama yangu anamwona. Mtazame huyu asiye na kitu. Anataka kwenda wapi?”

Nikatazama mara mbili. Nikamwonyesha upande wa kulia. Akaachia picha iendelee, na yule mchezaji akakata kulia. Akataka kujua nimejuaje. Sasa hapo nilikuwa na jibu. Mimi ni mtoto wa milimani, juu ya Uvira kule Kongo, nilichunga ng'ombe kabla ya kwenda sekondari. Ng'ombe anayetaka kuingia shamba la mtu haonyeshi kwa kichwa. Kichwa bado kinakula majani, lakini nyonga imeshageuka. Ukingoja kichwa umechelewa, na jioni utajieleza kwa mwenye mahindi. Kocha alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniwekea kipande kingine.

Nawaandikia ninyi vijana wa kanisa letu la Beechmont, hapa Louisville, mnaoniuliza baada ya ibada nilifanya nini hasa katika mchezo ule. Nina miaka arobaini na kitu, lakini katika kazi ile umri huo ni uzee, na ligi yenyewe haipo tena. Msidhani nasema ligi kubwa mnayoiona kwenye televisheni. Yetu ilikuwa ndogo, ya kulipwa lakini ndogo, ilichezwa ndani ya kumbi juu ya zulia la kijani lililotandikwa kwenye kiwanja cha barafu, wanane kwa wanane. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Wengine kati yenu mlikuwa bado kwenye kambi za wakimbizi.

Basi kwa mwaka mzima asubuhi nilikuwa ghalani na mchana nilifua, na nikishafua nilikata video. Kukata video ni kuchukua mchezo mzima na kuugawa vipande vifupi, kila mchezaji na vipande vyake, kisha unamwandikia kadi: anafanya nini vizuri, anashindwa wapi, anachoka lini. Kocha alinifundisha ngazi tatu za ulinzi. Mbele kabisa wapo wanaosukumana na kumfuata mrushaji wa mpira. Katikati wapo wanaosoma: wanangoja nusu ya sekunde, kisha wanaamua kwenda mbele au kurudi. Nyuma wapo wanaokimbizana na wapokeaji. Timu kubwa huweka mtu mmoja mahali pamoja na wengine wawili kwenye benchi wanaomngojea aumie. Sisi orodha yetu ilikuwa fupi. Mtu akiumia, hakuna anayengoja. Kwa hiyo Kocha hakuniuliza kamwe fulani ni mzuri kiasi gani. Aliuliza anajua kazi ngapi.

Mwaka uliofuata alinipendekeza Columbus, kwa Mkurugenzi wa Wachezaji wa timu ya huko. Nilihamisha familia tukapanga Northland, karibu na Morse Road, ambako unaweza kununua sombe, yaani majani ya muhogo, ya kugandishwa na simu ya mkononi katika duka moja. Mke wangu hakufurahi. Alikuwa amekwisha kuzoea majirani wa Louisville. “Bon,” akasema, huku anafunga masufuria, “tulitoka kambi tukapata nyumba. Sasa unatutafutia kambi ingine?” Miguu yangu haijawahi kukaa.

Mkurugenzi alikuwa mama mrefu, mkimya, aliyewahi kufundisha hesabu sekondari. Kwake nilijifunza kwamba ulinzi hujengwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni drafti: siku ambayo timu zinapokezana zamu kuchagua vijana waliomaliza vyuo, na iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayoanza. Ya pili ni wachezaji huru, yaani wale ambao mikataba yao imekwisha na wanaweza kusaini popote. Mimi nililielewa jambo hili kwa njia ya kwetu: muhogo unapanda, chumvi unanunua. Kijana wa drafti anakuja hajui kitu, unamfundisha kazi ya pili na ya tatu kabla hajazoea kukataa. Mchezaji huru amekwisha kukomaa. Unamchukua kwa kitu kimoja unachokikosa, na humwombi abadilike. Timu nyingi ndogo zilifanya kinyume: zilinunua watu wazima na kuwalazimisha wajifunze upya, na zilipanda vijana wenye kazi moja tu. Mkurugenzi aliziangalia na kutikisa kichwa kama mwalimu aliyeona daftari chafu.

Katika drafti ile ndipo nilipompata Marcus. Alitoka chuo kidogo ambacho hata Mkurugenzi alikitafuta kwenye ramani. Kwa kazi ya katikati alikuwa na mwili mwepesi mno. Kwa kazi ya nyuma, saa ya kupimia mbio ilisema hafai. Kila timu ilimwona akikosa mahali pake na ikampita. Lakini nilikuwa nimekata vipande vyake vyote, na kulikuwa na mchezo mmoja ambao wenzake watatu waliumia, naye akacheza sehemu zote tatu kabla ya mapumziko. Nyonga yake iligeuka kabla ya nyonga ya mpokeaji. Miguu yake haikuwa na mbio, ila iliondoka mapema. Nilisema hivyo mbele ya meza nzima. Makocha wawili walicheka. Mkurugenzi alitazama kipande kimoja, cha pili, akaandika jina lake, na tukamchukua katika zamu ya mwisho.

Marcus alipojua nani alimsemea, alianza kuja chumba cha video na chakula chake mkononi. Nilimweleza habari ya ng'ombe. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Profesa, na akiwa na wenzake, Profesa wa Ng'ombe. Mazoezini akimzidi mpokeaji alinigeukia na kulia kama ndama. Niliwahi kumwambia anadharau mifugo ya baba yangu. Akasema baba yangu angemlipa kwa kuilinda.

Ulinzi wa Columbus ndio ninaojivunia. Kulikuwa na Marcus wa kazi tatu, vijana wengine wawili wa drafti wa kazi mbilimbili, na watu wazima watatu tuliowachukua huru, kila mmoja kwa kitu chake. Tulikuwa na mchezo ambao mtu wa katikati alitolewa dakika za mwanzo. Marcus akasogea mbele, kijana mmoja akashuka mahali pa Marcus, na wapinzani wakaendelea kurusha mpira kule walikodhani kuna tundu. Hapakuwa na tundu. Walitafuta mpaka mwisho. Nilikaa juu kwenye viti na daftari langu na sikuandika kitu, nilitazama tu.

Timu hizi ndogo hazidumu. Mwenye timu ya Columbus alichoka, akaifunga, na kwa siku moja wachezaji wote wakawa huru. Mkurugenzi alipata cheo Buffalo, akawa Meneja Mkuu, akanichukua kuwa msaidizi wake kwa mambo ya wachezaji. Mtu wa kwanza tuliyempigia simu alikuwa Marcus. Nilimwambia ulinzi ni uleule, ila mji una baridi zaidi. Akaja. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, lakini alisema limepona, nami nilitaka kuamini.

Wiki ya mwisho ya maandalizi kila timu hupunguza orodha. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo watu hawaizungumzii. Mpaka hapo nilikuwa nimeitwa kwa ajili ya kuchagua tu, na wa kuachwa waliitwa ofisini, Meneja Mkuu akawaambia mwenyewe. Jumanne ile, theluji ya Machi inaanguka, alifunga mlango akaniambia amempata mchezaji huru, kijana zaidi, wa kazi mbili.

“Marcus anajua tatu,” nikasema.

“Anajua tatu, na ana goti moja la kuzifanyia. Wewe ndiye uliyemleta. Nenda ukamwambie.”

Alinipa bahasha yenye barua ya kuachwa na akanieleza taratibu polepole, kama kwa mwanafunzi. Mchezaji aliyeachwa Jumanne anaweza kuchukuliwa na timu nyingine mpaka Alhamisi saa sita mchana, mradi yeye mwenyewe akubali. Baada ya hapo orodha za ligi zinafungwa. Na Kocha wa Ulinzi wangu wa zamani, ambaye sasa alikuwa Kocha Mkuu kule Louisville, alikuwa amekwisha kuuliza habari za Marcus. Alikuwa na nafasi moja. Goti halikumtisha, kwake Marcus angecheza nusu ya muda. Meneja Mkuu akasema nimwambie Marcus aishike simu yake. Hiyo tu. Ameachwa, barua hii hapa, shika simu.

Ningalisema maneno hayo, ningalikuwa na hadithi nyingine ya kuwaandikia.

Ninyi mnajua jinsi sisi tunavyopeleka habari mbaya, ingawa mnaanza kusahau. Msiba hausemwi kwa simu, wala mtu mmoja haendi peke yake. Mnakwenda wawili au watatu, na mmoja awe mtu wa Mungu. Mnakaa. Mnaomba maji. Mnauliza habari za barabara, za wazazi, za mwili. Mnasali. Na mwenye nyumba, akiwatazama mlivyokaa, anajua mwenyewe kabla neno halijatoka. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kifo cha baba, na mpaka leo nawaheshimu walioniambia.

Nikampitia Shemasi wa kanisa letu la Buffalo, mtu wa Fizi, jirani na Uvira yetu, mpole. Ndani ya gari nilimweleza shida. Akaitika. “Mutu hawezi kuambiwa kama vile anasomewa bei ya sukari,” akasema. “Bon, tutakaa naye.”

Marcus alitufungulia mlango akiwa na barafu kwenye goti. Alishangaa kuniona na mgeni mwenye suti, lakini alitukaribisha, akatoa nguo kwenye kochi. Tulikaa. Tuliomba maji. Nilimwuliza habari za mama yake, na akatueleza kwa urefu. Nilimwuliza goti, akasema linaendelea. Nikasema maisha ya mchezo yana vipindi, na kwamba timu inamthamini sana kwa yote aliyofanya, na kwamba Mungu akifunga upande mmoja hufungua mwingine. Shemasi akasimama, akaomba ruhusa, akaweka mkono juu ya goti lile na kusali kwa Kiswahili muda mrefu. Nilipofungua macho, Marcus alikuwa analia.

Nikasema moyoni, amejua.

Nikaiweka bahasha mezani chini ya sahani, bila kuitaja, kama tunavyoweka rambirambi. Tukamshika mikono, tukatoka. Nilimtajia Louisville pale mlangoni, nikasema Kocha wangu wa zamani anamfahamu na huenda akampigia. Marcus akasema naye amesikia mengi mazuri ya mzee yule. Shemasi alisema kwenye gari kwamba tumefanya vizuri.

Jumatano timu ilipumzika, nami nilijizuia kumpigia simu. Nilidhani ni heshima kumwacha na maumivu yake.

Alhamisi, saa saba na kitu, nilisikia sauti yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amekuja kukandwa goti kama kila wiki. Viatu vyake vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki sakafuni, na juu ya kabati lake palikuwa na jina jingine.

“Nani amehamisha duka langu?” aliuliza. Alidhani wenzake wanamtania. Akamwambia mmoja wao kwamba wivu utamuua. Hakuna aliyecheka. Akaniona. “Profesa, waambie hawa walete vitu vyangu.”

Nilimvuta mpaka kwenye korido. Nikamwambia kwamba Jumanne tulikuja kumwambia.

“Mlikuja kuniombea goti.”

“Tulikuja kukuambia, Marcus.”

“Mliniambia nini?”

Nilitafuta kichwani neno nililotamka, moja tu, la kumwonyesha. Sikulipata. Nilimwuliza bahasha. Alisema alidhani ni karatasi za kanisa, ziko pale pale mezani, angezisoma Jumapili. Kisha uso wake ukabadilika, maana alikumbuka. Kocha wa Louisville alikuwa amemwandikia meseji jana yake kwamba ana nafasi, je, anakuja? Naye alijibu asante, lakini yuko sawa Buffalo, watu wa huku wanamjali mpaka wanamletea mchungaji nyumbani.

Alipiga simu mbele yangu. Kocha alipokea mara moja. Sikusikia upande wa pili, ila niliona. Nafasi ilikuwa imejazwa Jumatano jioni, na hata kama isingejazwa, saa sita ilikuwa imepita. Marcus akamshukuru kwa adabu, akaiweka simu mfukoni.

“Mtu asiyenipenda,” akaniambia, “angeniandikia maneno matatu kwenye simu. Na saa hizi ningekuwa barabarani naenda Louisville.”

Aliuchukua mfuko wa viatu akaondoka. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Nilikwenda kwa Meneja Mkuu nikamweleza kila kitu. Alisema barua ilifika nyumbani kwa mchezaji, kwa hiyo upande wa timu hakuna kosa. Kisha akavua miwani. Akaniuliza nilikuwa namlinda nani, Marcus au mimi. Hakunifukuza kazi. Mara nyingi nimetamani angenifukuza. Jioni nilimpitia Shemasi. Alibisha mwanzoni, akasema lakini kijana alilia, tulimwona wote wawili. Nikamwambia alilia kwa shukrani. Shemasi alikaa chini. “Donc, kumbe tulienda matanga,” akasema, “na mwenye matanga hakujua.”

Hakuna timu iliyomchukua Marcus mwaka ule, na katika mchezo huu mwaka mmoja nje, kwa mtu wa goti, ndio mwisho. Alirudi Columbus, akaingia kazi ya ghala.

Nilikaa Buffalo misimu miwili zaidi. Niliwaambia wengi kwamba wameachwa, na niliwaambia nikiwa bado nimesimama: umeachwa, barua hii, mwisho ni Alhamisi saa sita. Kisha ndipo nilipokaa, kwa aliyetaka nikae. Wengine walinitukana. Hakuna aliyepotea njia kwa sababu yangu. Sisemi desturi yetu ni mbaya. Msiba hauna saa sita ya Alhamisi, mtu anaweza kuujua polepole na asipoteze kitu. Kazi ile ilikuwa na saa, na mimi niliisahau saa kwa sababu nilitaka kuonekana mtu mwema.

Jambo jingine nimeliwaza tangu niache mchezo na kurudi Louisville, ninakotunza wazee sasa. Tulimsifu mtu wa kazi tatu, nami nilimwandikia kadi nzuri kuliko wote. Lakini mtu wa namna hiyo timu humpenda pia kwa sababu ni rahisi kumhamisha. Kila mtu anajua anaweza kwenda wapi, na hakuna anayeuliza angependa kubaki wapi. Ninyi mnaofanya zamu ghalani leo kwenye maboksi, kesho kwenye magari, keshokutwa usafi, mnanielewa. Jifunzeni kazi nyingi. Lakini muwe na mtu atakayewaambia ukweli mapema.

Mwaka jana nilipanda basi mpaka Columbus. Mke wangu hakuuliza safari hii kwa nini. Marcus alifungua mlango, akanitazama, akatazama nyuma yangu kwenye ngazi.

“Ulikuwa umeachwa na sikukuambia,” nikasema. “Nilikupotezea Louisville. Nimekuja kwa hilo.”

“Mbona leo umekuja peke yako?”

“Leo habari ni yangu.”

Alisema anaingia kazini saa nane, ana nusu saa. Hakunikaribisha ndani. Alitoka, akaufunga mlango nyuma yake, tukasimama kwenye ngazi, naye akaanza kunieleza miaka ile ilivyokuwa, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.